Kukompaili Vim kwenye seva kongwe bila kugusa maktaba za mfumo

Kuna seva ambazo hakuna anayethubutu kuzizima. Zinaendesha mfumo wa mishahara au wa bili ulioandikwa zamani, aliyeuandika ameshaondoka, na fedha za kuuhamisha hazijapatikana. Ndani yake utakuta mfumo endeshi kama CentOS 6, aina ya Linux ambayo iliacha kupata masasisho tarehe 30 Novemba 2020, au Solaris 10, iliyotoka mwaka 2005. Anayezitunza hushinda humo akihariri faili za usanidi. Kwenye Solaris anatumia vi ya asili, kihariri cha maandishi kinachotengua badiliko moja tu la mwisho. Kwenye CentOS 6, mara nyingi kilichopo ni vim-minimal, yaani Vim iliyonyimwa rangi na mengine mengi. Mtu huyu anastahili kihariri kizuri, na anaweza kukipata bila nywila ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) na bila kuhatarisha chochote kinachotegemewa na ofisi nzima.

Mfano mkuu hapa ni kukompaili kihariri cha Vim, yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu, kwenye CentOS 6 ya biti 64. Solaris nitaitaja pale mambo yanapotofautiana.

Kwa nini binari ya mashine mpya inakataa

Jambo la kwanza ambalo watu hujaribu ni kunakili binari ya vim, yaani programu iliyokwisha kukompailiwa, kutoka kwenye kompyuta yao mpya. Jibu huwa hili:

```
./vim: /lib64/libc.so.6: version `GLIBC_2.14' not found (required by ./vim)
```

Maktaba ya C ya GNU, yaani glibc, huipa kila kazi iliyomo ndani yake alama ya toleo. Toleo la 2.14 lilileta memcpy (kazi ya kunakili data kwenye kumbukumbu) yenye alama mpya kwa mashine za x86_64, hivyo programu yoyote iliyounganishwa na glibc ya kuanzia hapo na inayotumia memcpy itaidai alama hiyo. CentOS 6 ina glibc 2.12. CentOS 5 ina 2.5, na CentOS 7 ina 2.17. Mambo yalizidi kuwa magumu toleo la 2.34 lilipotoka mwaka 2021: hata kazi inayoanzisha programu, `__libc_start_main`, ilipewa alama mpya, kwa hiyo programu ya mistari mitatu iliyokompailiwa huko haiwezi kuwaka kwenye mfumo wa nyuma.

Utangamano wa glibc unakwenda upande mmoja tu. Binari iliyojengwa juu ya glibc ya zamani itaendeshwa na mpya, lakini kinyume chake hakiwezekani. Ndiyo maana kazi yote tutaifanyia kwenye mashine ileile kongwe. Ukiwa na mashine kadhaa, ifanyie kwenye iliyo kongwe kuliko zote.

Wapo wanaoshauri upakue glibc mpya na kuiweka juu ya ile ya mfumo. Nakusihi usifanye hivyo. Karibu kila programu kwenye mashine, kuanzia ls hadi sshd, inaitegemea libc hiyo, na ikiharibika hutaweza hata kuingia tena kwa mbali. Kama mtu ameshafanya kosa hilo na bado ana terminali iliyo wazi, asiifunge. Ipo amri `/sbin/sln`, ambayo ni ln isiyotegemea maktaba yoyote ya nje, na akiwa root inaweza kurudisha kiungo cha `libc.so.6` kwenye faili la awali.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Kabla ya kupakua chochote, andika majibu ya amri hizi:

```
uname -a
ldd --version
gcc --version
df -h $HOME
mount | grep noexec
date
```

Kwenye CentOS 6 gcc, yaani kompaila ya C, ni 4.4.7. Kwenye Solaris 10 amri ya `ldd --version` haikusaidii; angalia `/etc/release`, na tafuta gcc kwenye `/usr/sfw/bin`, ambako kwa kawaida ipo 3.4.3. Zana kama ld, ar na make ziko `/usr/ccs/bin`, ambayo mara nyingi haimo kwenye PATH:

```
PATH=/usr/sfw/bin:/usr/ccs/bin:$PATH; export PATH
```

Amri ya `mount` ina umuhimu wake. Kama diski yenye nyumba yako imewekwa na `noexec`, configure, hati inayoipima mashine kabla ya kukompaili, itashindwa kuendesha programu zake ndogo za majaribio na itakupa sababu zisizoeleweka. Saa nayo iangalie. Seva ambayo saa yake iko nyuma itamfanya make, zana inayoendesha kazi ya kukompaili, alalamike kwamba faili zimetoka siku zijazo, kwa maneno `Clock skew detected`. Kama huna ruhusa ya kurekebisha saa, pitisha `touch` kwenye faili zote baada ya kufungua kifurushi.

Kama gcc haipo kabisa, ruka hadi sehemu inayohusu mashine zisizo na kompaila.

Hatua ya 2: Chagua toleo

Usikimbilie toleo jipya kuliko yote. Vim 9.1 ilitoka Januari 2024, na inategemea kompaila inayoelewa C ya kisasa zaidi kuliko ile ambayo Vim ilianza nayo. Kwa gcc 4.4.7 mimi huanza na 8.2, ya Desemba 2019, kwa sababu ina karibu kila kitu ambacho mtu anayetunza seva anakihitaji. Ukiitaka 9.1, ijaribu kwa `CFLAGS="-O2 -std=gnu99"`. Na kama una kompaila ya kale isiyokubali hata maoni yanayoanza na `//`, shuka hadi 7.4 ya Agosti 2013.

Kushuka kuna gharama mbili. Kwanza, kwenye 7.4 uwezo wa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi za lugha zote) hauji wenyewe ukichagua sifa za kawaida. Lazima uongeze `--enable-multibyte`, la sivyo majina yenye herufi za Kiarabu au Kifaransa yataharibika machoni pako. Pili, matoleo ya kabla ya 8.1.1365 yana tundu la usalama linaloruhusu faili lililotegwa kuendesha amri kupitia mistari ya modeline, yaani mipangilio ya Vim iliyoandikwa ndani ya faili lenyewe, pale unapolifungua tu. Weka `set nomodeline` kwenye `~/.vimrc` kabla ya kufungua faili la mtu mwingine.

Ukiifungua Vim bila faili, utaona kwenye skrini ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Baada ya hapo aliwaomba watumiaji wa Vim, ambayo ni ya bure, wakichangie kituo hicho. Alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 limetolewa kwa kumbukumbu yake. Andika `:help uganda` usome maelezo yenyewe. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo halipaswi kupita bila kutajwa.

Hatua ya 3: Fikisha msimbo kwenye mashine

Hapa wengi hukwama kabla hata ya kuanza. Seva yenye OpenSSL 0.9.8, maktaba ya mawasiliano salama, haijui itifaki ya TLS 1.2, na GitHub ilifunga mlango wa TLS za zamani Februari 2018. Kwa hiyo wget au curl ya mashine hiyo haitafika popote. Pakua kwenye kompyuta yako mpya, hakiki faili huko, kisha lipeleke kwa scp, zana ya kunakili faili kupitia ssh.

Lakini scp nayo ina vikwazo vyake. OpenSSH ya kuanzia 8.8 inakataa saini za ssh-rsa za mtindo wa zamani, na kuanzia 9.0 scp hutumia itifaki ya SFTP ndani yake. Amri hii huvuka vikwazo hivyo:

```
scp -O -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa \
    -oPubkeyAcceptedAlgorithms=+ssh-rsa \
    -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group14-sha1 \
    vim-8.2.tar.bz2 ncurses-6.4.tar.gz mtumiaji@seva:
```

Weka vibali hivyo kwa seva hiyo moja tu. Usiviandike kwenye usanidi wa jumla wa ssh yako, kwa sababu vitalegeza ulinzi wa miunganisho yako yote.

Kufungua kifurushi kwenye Solaris, tar yake haijui `z` wala `j`, na wakati mwingine hukosea majina marefu ya faili. Tumia gtar ikiwepo. Njia inayofanya kazi kote ni hii:

```
mkdir -p $HOME/chanzo $HOME/zana
cd $HOME/chanzo
bzip2 -dc ~/vim-8.2.tar.bz2 | tar xf -
gzip -dc ~/ncurses-6.4.tar.gz | tar xf -
```

Hatua ya 4: Jenga ncurses yako

Vim inahitaji maktaba moja tu ya lazima zaidi ya libc na wenzake: ile inayozungumza na terminali, kama ncurses. Kama mashine haina faili za maendeleo za ncurses, configure ya Vim itasimama kwenye `tgetent` na kukuambia uweke ncurses. Kwa kuwa hatuna root, tutaijenga nyumbani, tena kwa namna inayoingizwa moja kwa moja ndani ya binari ya Vim. Hivyo hakutakuwa na faili la `.so` la kutafutwa kila Vim inapowaka, na shida nzima ya maktaba inapungua kwa sehemu kubwa.

```
cd $HOME/chanzo/ncurses-6.4
./configure --prefix=$HOME/zana --enable-widec \
    --without-shared --without-debug --without-ada \
    --without-cxx --without-cxx-binding \
    --without-manpages --without-tests \
    --with-terminfo-dirs=$HOME/zana/share/terminfo:/usr/share/terminfo
make
make install
```

Kwenye Solaris tumia gmake badala ya make, na mwambie configure atumie ganda lenye uwezo kuliko `/bin/sh` ya huko: `CONFIG_SHELL=/bin/bash /bin/bash ./configure ...`. Maelezo ya terminali huko hukaa `/usr/share/lib/terminfo`, kwa hiyo badilisha njia hiyo.

Ukimaliza, hakikisha `$HOME/zana/lib/libncursesw.a` ipo. Herufi `w` mwishoni inaonyesha kwamba imejengwa kwa ajili ya herufi pana, ambazo UTF-8 inazihitaji.

Hatua ya 5: configure ya Vim

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, kwa hiyo usiharakishe.

Vim ina tabia ambayo wengi hawaijui: configure yake hutazama `/usr/local` bila kuulizwa, na ikipata maktaba humo huzitumia. Kwenye seva kongwe `/usr/local` huwa imejaa mabaki ya miaka mingi: gettext ya mtu fulani, ncurses ya biti 32, iconv isiyojulikana ilikotoka. Ukiona kosa la `wrong ELF class: ELFCLASS64` au 32, maana yake maktaba ya upana mmoja wa biti imekutana na msimbo wa upana mwingine, na mara nyingi imetoka huko. Amri `file` ukiielekeza kwenye maktaba yenyewe itakwambia ni ya biti ngapi. Dawa ni `--without-local-dir`.

```
cd $HOME/chanzo/vim82
export CPPFLAGS="-I$HOME/zana/include -I$HOME/zana/include/ncursesw"
export LDFLAGS="-L$HOME/zana/lib"
./configure --prefix=$HOME/zana --without-local-dir \
    --with-tlib=ncursesw --with-features=normal \
    --enable-gui=no --without-x --disable-gpm \
    --disable-nls --disable-netbeans --disable-canberra \
    --disable-selinux --disable-acl
```

Kila `--disable` hapo ni maktaba moja iliyoondolewa njiani. gpm ni ya panya kwenye konsoli, X na GUI havina kazi kwenye seva unayoifikia kwa ssh, na canberra ni ya sauti.

Mbili za mwisho zifikirie kabla ya kuzikubali. Kama faili unazohariri zina ruhusa za ACL (orodha ya ziada ya ruhusa za faili), au unahariri `/etc` ukiwa root kwenye mfumo wenye SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux) inayofanya kazi, Vim isiyojua mambo hayo inaweza kuandika faili jipya mahali pa lile la zamani na kupoteza ruhusa zake. Acha sifa hizo ziwemo kama faili za `.h` zake zipo kwenye mashine. Kama hazipo, weka `set backupcopy=yes` kwenye vimrc ili Vim iandike ndani ya faili lilelile bila kulibadilisha na jingine.

Ukihitaji Python ndani ya Vim, tumia `--enable-python3interp=dynamic`. Kwa njia hiyo maktaba ya Python hutafutwa pale tu unapoiita, na ikikosekana Vim bado inawaka.

configure ikigoma, ujumbe wa kwenye skrini ni nusu ya habari. Sababu yenyewe iko kwenye `src/auto/config.log`. Fungua faili hilo, tafuta jina la jaribio lililoshindwa, kisha soma mistari iliyo chini yake kidogo, ambako kompaila au linka imesema kwa maneno yake kilichoiudhi. Kwa mfano `cannot run C compiled programs` huwafanya watu waamini kwamba gcc imeharibika. Mara nyingi gcc ni nzima, ila LDFLAGS au LIBS zimeelekeza kwenye maktaba ambayo haionekani wakati wa kuendesha.

Baada ya kurekebisha, usirudie configure hivihivi. Vim huhifadhi majibu ya awali kwenye `src/auto/config.cache`, kwa hiyo itarudia jibu lilelile la kushindwa hata kama umeshaweka kilichokosekana. Nimeona watu wakipoteza jioni nzima hapa. Safisha kwanza:

```
make distclean
```

Hatua ya 6: make, kisha hakiki kabla ya kusakinisha

```
make
./src/vim --version
ldd ./src/vim
```

Orodha ya ldd inapaswa kuwa fupi: libc, libm, pengine libdl na nyingine chache za mfumo. `libncurses` isionekane, kwa kuwa tumeshaiingiza ndani. Ukiona `not found` mbele ya jina lolote, usiendelee. Kujua binari yako inadai glibc ya toleo gani:

```
objdump -T ./src/vim | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -u
```

Mstari wenye namba kubwa kuliko zote ndiyo kiwango cha chini cha mashine itakayoweza kuiendesha. Kumbuka sort hapa inapanga kama maneno, kwa hiyo 2.12 itatangulia 2.4. Kwenye Solaris kazi hiyo hufanywa na `pvs`.

Kama umelazimika kutumia maktaba ya `.so` iliyo nyumbani kwako, njia yake iandike ndani ya binari: kwenye Linux ni `-Wl,-rpath,$HOME/zana/lib` ndani ya LDFLAGS, na kwenye Solaris ni `-R$HOME/zana/lib`. Epuka kuweka LD_LIBRARY_PATH kwenye `.profile`. Inagusa kila programu utakayoiwasha, pamoja na zile za mfumo, na hitilafu zake hujitokeza mahali usipotarajia, wiki kadhaa baadaye.

Ukiridhika:

```
make install
PATH=$HOME/zana/bin:$PATH; export PATH
EDITOR=$HOME/zana/bin/vim; export EDITOR
```

Mistari hiyo miwili ya mwisho iweke kwenye `.profile` (au `.bash_profile`, kama ipo), ili `crontab -e` nayo ifungue Vim mpya.

Terminali isiyojulikana

Hili ni tatizo la kawaida baada ya kufanikiwa:

```
E558: Terminal entry not found in terminfo
```

Kompyuta yako imejitambulisha kwa jina ambalo seva haijawahi kulisikia. ncurses uliyojenga imekuja na maelezo yake ya terminali, kwa hiyo kwa majina ya kawaida hutakutana nalo. Kwa terminali mpya zaidi, toa maelezo kwenye kompyuta yako kwa `infocmp -x $TERM > term.ti`, yapeleke kwa scp, na kwenye seva andika:

```
$HOME/zana/bin/tic -x term.ti
```

Peleka maandishi, usinakili faili lililokwisha kutafsiriwa. ncurses 6.1 ilianzisha muundo wenye namba kubwa zaidi, na programu nyingine kwenye seva zinazotumia ncurses ya zamani haziwezi kuusoma. Ukiwa na haraka, `TERM=xterm vim faili` itakufikisha, kwa rangi chache.

Mashine isiyo na kompaila

Hapa unahitaji mahali pengine pa kujengea penye glibc ileile au ya zamani zaidi. Kontena la CentOS 6 linafaa, likiwa na mambo mawili ya kujua: hazina zake za vifurushi zimehamia vault.centos.org, na kwenye keneli nyingi za sasa programu zake hufa papo hapo kwa sababu zinategemea vsyscall, njia ya zamani ya kuiita keneli. Keneli ya mwenyeji iwashwe na `vsyscall=emulate`.

Usidhani kwamba `-static`, yaani kuingiza maktaba zote ndani ya binari, kwenye mfumo mpya itakuokoa. glibc ya kuanzia 2.26 inataka keneli 3.2, na CentOS 6 inaendesha 2.6.32, kwa hiyo utakachopata ni `FATAL: kernel too old`. Njia inayofaa kwa binari isiyotegemea chochote ni kutumia musl, maktaba nyingine ya C, kwa mfano ndani ya kontena la Alpine, Linux ndogo inayoitumia, pamoja na ncurses ya static iliyoelekezwa kwenye `/usr/share/terminfo`.

Kuipeleka kwenye mashine nyingine

Binari peke yake haitoshi. Vim ina saraka ya `share/vim` yenye rangi, msaada na mipangilio, na njia ya kuifikia imeandikwa ndani ya binari tangu configure. Ukihamisha faili moja tu utavikosa vyote hivyo; toleo jipya kama 9.1 hukukaribisha na `E1187: Failed to source defaults.vim`. Funga saraka nzima:

```
cd $HOME && tar cf - zana | gzip > zana.tar.gz
```

Ikifunguliwa kwenye njia ileile, kila kitu kitafanya kazi. Kama nyumba yako huko ina njia tofauti, ongeza kwenye `.profile` ya huko:

```
VIM=$HOME/zana/share/vim; export VIM
VIMRUNTIME=$VIM/vim82; export VIMRUNTIME
TERMINFO_DIRS=$HOME/zana/share/terminfo:/usr/share/terminfo
export TERMINFO_DIRS
```

Kisha endesha `ldd` tena huko kabla ya kumkabidhi mtu mwingine.